Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Magari: Fremu ionwe kabla ya rangi

Kwa Mkurugenzi wa Ukaguzi na Usajili wa Magari,

Mheshimiwa,

Gari la kujiundia nyumbani kwa spea za gari lililochinjwa hufika mbele ya mkaguzi mara moja tu, likiwa limekamilika. Rangi imekauka, ubavu umefunikwa bati, viti vimefungwa, taa zinawaka. Mkaguzi analizunguka, anaingia uvunguni na tochi, anakanyaga breki, anaandika. Ombi letu ni kwamba fremu ionwe kwanza ikiwa uchi, kabla ya rangi na bati, halafu gari likaguliwe tena likishakamilika. Ukaguzi wa mwisho peke yake humpitisha mzembe mwenye rangi nzuri na kumkwamisha makini ambaye hana namna ya kuonyesha alichofanya ndani.

Tuanze na bomba. Gari dogo la viti viwili la mtindo wa Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957 na ambalo wajenzi wengi bado wanafuata umbo lake, husimama juu ya fremu ya bomba mraba la chuma laini, milimita 25 kwa 25, ukuta milimita 1.6. Kazi nzima inakula kama mita 40. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa karibu kilo 1.2. Sasa lipo bomba la vipimo hivyohivyo kwa nje lenye ukuta wa milimita 1, na mita yake haifiki hata gramu 800. Yakishapakwa rangi, hayo mawili hayatofautishwi kwa macho. Fremu ikiwa wazi, kalipa ya vernia ikiingizwa kwenye ncha moja ya bomba hutoa jibu papo hapo, na kipande kilichobaki kikiwekwa kwenye mizani kinathibitisha.

Baada ya bomba ni mishono. Mshono wa MIG (uchomeleaji wa waya unaotoka wenyewe kwenye mashine) uliopigwa kwa umeme mdogo hulala juu ya chuma kama kamba, mnene na wa kupendeza, bila kuzama. Ukiutazama pembeni unaona ukingo wake umejikunja, haukuyeyuka na kuingia kwenye bomba. Huo huachia kwenye mtetemo, na huwa unaachia wote kwa pamoja. Ulio mbaya kuliko huo ni ule uliosagwa kwa grinda hadi ukalingana na bomba, kisha ukapakwa pati. Kona inakuwa laini kama ya kiwandani, ila chuma kilichokuwa kinashika kimegeuka vumbi sakafuni. Tungependa wakaguzi wazoee kuushuku mshono usioonekana kuliko ule wenye sura ya mkono wa fundi. Na bomba la mabati lisipokwanguliwa zinki kabla ya kuchomelewa, mshono hutoka na vitundu kama sifongo, mbali ya moshi wake ambao humwachia mchomeleaji homa.

Umbo la fremu nalo lina siri zake. Mraba usio na bomba la mshazari ni bawaba tu. Ukisukumwa kona unalala. Kila anayejenga anajua hivyo siku ya kwanza, halafu siku ya kufunga injini anagundua manifoldi ya ekzosi au shafti ya usukani haipiti, anakata bomba la mshazari, anaahidi kuweka jingine. Bati la ubavuni likifungwa, ahadi hiyo haidaiwi tena na mtu. Vilevile kuna kupinda. Chuma kikichomwa upande mmoja hujivuta upande huo, kwa hiyo fremu nzima inapaswa kushikizwa kwa vidoa vya mshono kwanza, ikiwa imebanwa kwenye meza iliyonyooka, ndipo ichomelewe kwa kurukia kona zinazotazamana. Kipimo cha mkaguzi hapa ni kamba au futi ya chuma kutoka kona hadi kona: mishazari miwili ya sakafu ikitofautiana zaidi ya milimita 3, aulize kwa nini, kwa sababu sehemu za kufungia mikono ya magurudumu (vyuma vinavyoshika magurudumu kwenye fremu) zimehama pamoja nayo.

Nguvu ya kujinyonga inaweza kupimwa bila maabara. Fremu inabanwa nyuma kwenye sehemu za springi, mbele inaegemezwa katikati juu ya egemeo moja, kisha uzito wa kilo 50 unaning'inizwa kwenye mkono wa mita moja. Hiyo ni nguvu ya nyutoni-mita 490 hivi. Mbele ikijinyonga robo ya digrii, fremu ina ugumu wa karibu nyutoni-mita 2,000 kwa digrii. Robo ya digrii kwenye upana wa mita moja ni tofauti ya milimita 4.4 kati ya kushoto na kulia, jambo ambalo hata rula inaliona. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba vibanio vya nyuma navyo hujongea. Lazima navyo vipimwe na mjongeo wao utolewe. Kiwango cha kufaulu mtapanga ninyi. Sisi tunataka kipimo kiwepo, maana hivi sasa mwenye fremu ngumu na mwenye fremu ya mlenda wanapewa karatasi moja.

Tunajua mfano unaopenda kutajwa ni Uingereza, ambako ukaguzi wa gari mojamoja uitwao IVA ulichukua nafasi ya ule wa zamani, SVA, mwaka 2009. Una mengi mazuri. Lakini nao hufanyika gari likiwa limekamilika, na mkaguzi halibomoi. Anaweza kukufelisha kwa ukingo wa nje ambao mviringo wake haufiki milimita 2.5, na yuko sahihi, maana ukingo huo unamkata mtembea kwa miguu. Mshono uliofichwa chini ya bati hawezi kukufelisha nao. Msinakili sehemu hiyo.

Kuhusu spea zilizotumika, kanuni ikisema "zote ziwe mpya" itakuwa imeua kazi hii bila kuongeza usalama, kwa sababu chuma kizito hakichakai kwa kukaa. Difu, giaboksi, bloku ya injini, habu, raki ya usukani: vikisafishwa, vikapimwa mlegezo na kubadilishwa sili, vinafaa kuliko vingi vipya vya bei rahisi. Vinavyotakiwa viwe vipya bila mjadala ni vile vya mpira, vya kitambaa, na vile vinavyokazwa mara moja tu. Mipira ya breki. Bushi. Boljointi na ncha za tairodi (fimbo zinazotoka kwenye raki kugeuza magurudumu). Mipira ya mafuta. Nati zenye plastiki ndani, ambazo zikifunguliwa mara moja mshiko wake unapungua. Mikanda ya viti inayotoka kwenye gari la ajali isikubaliwe kabisa: utepe wake umeshavutika, na kikazio chake chenye baruti ama kimeshalipuka ama kinasubiri. Uzi wa bolti ya mkanda karibu kote duniani ni 7/16 UNF, uzi mwembamba wa vipimo vya inchi. Ukiona bolti ya M10, ya vipimo vya milimita, imelazimishwa pale, hapo mtu amebahatisha.

Breki zinahitaji aya yake, kwa kuwa ndipo watu wanapoamini kwamba spea nzima inatosha. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya gari lililochinjwa ilichaguliwa kwa gari la kilo 1,100 lenye busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu. Gari jipya lina kilo 600, na busta mara nyingi haipati nafasi, inaondolewa. Dereva akikanyaga anakuta pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami. Dawa ni masta silinda yenye kipenyo kidogo: kutoka milimita 22.2 kwenda 19.05, kwa mguu uleule, shinikizo linapanda kwa asilimia 36, na mwendo wa pedali unaongezeka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo pedali yenyewe lazima iwe na nafasi ya kushuka kabla haijagonga bati la mbele, na uwiano wake uwe kati ya 4 na 6 kwa 1. Mkaguzi akute saketi mbili zilizotengana, bomba la chuma au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, klipu kila sentimita 30, na ncha za bomba zilizopanuliwa kwa umbo linaloendana na kiungo chake. Ncha ya aina moja ikibanwa kwenye kiungo cha aina nyingine hushika siku ya majaribio, halafu huvuja siku ya kukanyaga kwa hofu. Kwenye mashine ya roli, magurudumu ya mbele yafunge kabla ya ya nyuma. Yakitangulia ya nyuma, gari hugeuka na kutazama lilikotoka.

Kwenye usukani, shafti iliyokatwa katikati na kuchomelewa ikatazwe moja kwa moja. Zipo jointi na viungio vya meno vya kufungwa kwa bolti, na safu ya usukani ya gari la asili ina sehemu ya kujikunja wakati wa ajali. Ikibadilishwa na bomba zima inakuwa mkuki unaoelekea kifuani. Jambo lisiloonekana likiwa limesimama ni raki isiyolingana na mikono ya magurudumu. Ikiwa jointi za ndani za tairodi haziko kwenye mstari unaostahili na egemeo za mikono hiyo, kila gurudumu likipanda tuta linajigeuza lenyewe. Jaribio lake ni rahisi: ondoa springi, pandisha na ushushe gurudumu milimita 50 kila upande kwa jeki, huku ukipima umbali wa ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu kutoka kwenye ubao ulionyooka. Ubao hausemi uongo. Kuihamisha raki kunahitaji grinda na saa moja kama fremu iko uchi. Baada ya rangi hakuna anayekubali kuihamisha.

Springi za gari la asili ni ngumu mno kwa gari lililopungua nusu ya uzito: mtikisiko unakuwa wa haraka mara 1.4 na tairi linaruka badala ya kushika barabara. Wengine hukata mikunjo ili gari lishuke, na springi iliyokatwa inazidi kuwa ngumu. Ziagizwe zenye kipimo chake.

Mengine yanatosha kutajwa. Pampu ya injini ya injeksheni husukuma mafuta kwa baa 3 hivi, na mpira wa karbureta haukutengenezwa kwa shinikizo hilo. Tanki lililowahi kubeba petroli lisichomelewe, hata kama ni kavu tangu mwaka jana. Chupa ya maji ya rejeta ikae juu kuliko injini, la sivyo hewa inajificha kichwani na geji ya joto inadanganya. Bodi ya faiba haipitishi umeme, hivyo kila taa inahitaji waya wake wa ethi, wa kurudishia umeme, na injini iwe na waya mnene unaoifunga na fremu. Usipokuwepo, umeme wa stata unarudi kupitia kebo ya klachi na kuiunguza. Propela shafti ikifupishwa ibalansiwe, na iwe na pete ya chuma karibu na jointi ya mbele.

Kisha karatasi. Gari hili lina injini ya gari moja, pengine difu la jingine, na fremu ambayo haikuwahi kuwepo. Kulipatia namba ya gari lililochinjwa ni kufungua mlango kwa magari ya wizi. Kulinyima namba ni kulisukuma barabarani usiku. Pendekezo letu ni kwamba siku fremu inapokaguliwa uchi, mkaguzi aigonge namba mpya kwenye bomba lililotajwa, upande ulioandikwa, na mjenzi aje na hati ya gari lililochinjwa ili namba ya zamani ifutwe siku hiyohiyo. Injini ibaki na namba yake na iandikwe tu. Jambo hili lina faida ambayo wengi hawaifikirii: injini za kisasa haziwaki bila ufunguo wake, kompyuta yake na pete ya kusoma ufunguo, vyote vitatu kutoka gari moja. Mwenye hati halali kwa kawaida anavyo vyote. Mwenye injini na kompyuta bila ufunguo aulizwe maswali.

Kwa upande wetu tutakubali masharti magumu. Bomba lipakwe mafuta tu hadi siku ya ukaguzi. Mabano ya mikono ya magurudumu yawe ya bati la milimita 3, ya pande mbili, bolti za daraja la nguvu 8.8 zenye sehemu laini ndani ya bano, sio uzi. Vipande vitatu vya majaribio vichomelewe kwa mashine ileile na fundi yuleyule, kisha kimoja kipasuliwe kwa nyundo mbele ya mkaguzi. Mshono ukiachia kabla ya bomba kupinda, fremu irudi nyumbani.

Mkaguzi anayekuja kwa kazi hiyo anahitaji tochi, kioo kidogo chenye mpini, kalipa, futi ya chuma ya mita tano, nyundo, na seti ya namba za kugonga. Fremu ikiwa juu ya mafarasi mawili, ni kazi ya saa moja na nusu. Tunaomba siku ya kuanza ipangwe, na fomu yake iwe ya ukurasa mmoja wenye mchoro wa fremu ambao mkaguzi anaweza kuuwekea alama kwa kalamu.

Wenu katika kazi,

Mafundi na wajenzi wa magari ya nyumbani