Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masafa ya Gigahezi 5 na Jirani Asiyeonekana

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mie naingia kwenye jambo lililokula vikao vyetu: masafa yasiyo na leseni, ambayo waifai yetu inagawana na teknolojia za simu.

Hizo nazo hazifanani. LTE-U, njia ya simu za 4G kutumia masafa haya, huwaka na kuzima kwa zamu, bila kusikiliza kabla ya kila mrusho. LAA, njia nyingine ya aina hiyo, iliyoingia mwaka 2016 kwenye viwango vya 3GPP, jumuiya ya kimataifa inayopanga viwango vya simu, husikiliza kwanza, ikarusha kwa muda usiozidi milisekunde 10, kisha ikaachia hewa.

Kusikiliza huko ndiko penye utata. Waifai humpisha waifai mwenzake hata akisikika kwa dBm −82 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi), lakini mgeni asiye waifai humpisha akifika −62 tu. Tofauti ni desibeli 20, yaani nguvu mara 100. Mawimbi ya simu yakiifikia ruta kwa −70, ruta huona hewa tupu, hurusha juu yake, na pakiti za data hurudiwa. Mteja analalamika neti nzito, ilhali programu ya kuskani haioneshi jirani yeyote, maana husoma waifai tu.

Basi msikimbilie kuuza ruta mpya. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, toa amri iw dev wlan0 survey dump (wlan0 ni jina la redio; weka la redio yako ya gigahezi 5) mara mbili, dakika 1 baina yake, saa za shughuli. Chukua ongezeko la muda chaneli ilipokuwa na shughuli, ondoa la kupokea na la kurusha. Kikibaki kingi, huenda kuna kisicho waifai, chenye nguvu ya kutosha ruta kukihesabu. Amri haitaji ni nini. Huweza kuwa hata kamera ya jirani isiyo na waya wala waifai.

Dawa ya kwanza ni kushusha upana wa chaneli kutoka megahezi 80 hadi 20. Chaneli pana imebeba nne ndani yake. Ikichafuka moja, zote huweza kuathirika. Dawa ya pili ni kuhama chaneli. Mkihamia chaneli 100, ruta hunyamaza sekunde 60 ikitafuta rada, ambayo hupishwa kwenye chaneli hizo. Wengi wetu hapo huchomoa umeme tukidhani imekufa, na hesabu ikaanza upya! Chaneli 120 hadi 128 huweza kungoja dakika 10.

Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa huwazuia wageni, ila zinataka kisambazi karibu kila chumba. Paje, kule ufukweni, chini ya makuti, kila kitu hupenya. Kuongeza nguvu hakusaidii, kwani simu ya mteja haiongezeki nguvu. Na mipaka ya nguvu hiyo huwekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Kikao kijacho kila mmoja aje na vipimo viwili, cha mchana na cha usiku.