Shukrani kwa Mama wa Mwaloni Kirumba

Mama yangu, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ambaye jina lako sikulipata, nakushukuru hadharani. Siku ile kliniki, nilipokuwa nimekumbatia kifuko cha barafu chenye sindano zangu za homoni za kutafuta mtoto huku machozi yakinitoka, ulisogea kwenye benchi ukanishika mkono, wala hukuuliza tatizo ni la nani. Ulisema tu kwamba mume naye apimwe, jambo ambalo wakwe hawakutaka kulisikia, ingawa Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba maishani, wanaume kwa wanawake. Matibabu yanaendelea, na maneno yako, “Lia mwanangu, kisha ule,” yananitia nguvu hadi leo. Mungu akuzidishie.