Jumamosi tunasikiliza albamu ya kwanza ya The Strokes

Asalaam aleikum wapenzi. Jumamosi hii baada ya sala ya Isha tukutane kwangu Michenzani. Zamu ya kuchagua ni yangu, na nimechagua Is This It, albamu ya kwanza ya The Strokes, bendi ya roki ya vijana watano wa New York, ya mwaka 2001. Nyimbo 11, dakika 36 hivi. Tutaipiga yote, haturuki hata wimbo mmoja.

Wiki nzima sisikilizi kitu kingine. Waliirekodi kwenye studio ndogo ya chini ya ardhi, na sauti ya Julian Casablancas wakaipitisha kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi. Ndiyo maana ina ule mkwaruzo, utasema mtu anakuimbia kwenye simu usiku wa manane. Halafu magitaa mawili! Yanapokezana kama kanuni na fidla kwenye taarab, hili likisema lile linaitikia. Na wimbo wa kwanza kabisa, tegeni sikio kwenye besi ya Nikolai Fraiture: inaimba yenyewe.

CD ya Marekani iliondolewa wimbo unaowataja polisi wa New York, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka huohuo. Sisi tutaisikiliza ile yenye wimbo huo.

Kahawa na kashata zipo. Mwenye spika ya betri aje nayo, umeme siku hizi hauaminiki. Saa nne tunapunguza sauti, jirani ana mtoto mchanga. Anayekuja aniandikie kabla ya Alkhamisi nijue idadi ya viti.