Mlimani tulipanda wengi, anayehesabiwa mmoja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya mtaalamu wa hali ya hewa na uoto, mliyemsifu kwa wingi wa makala zake na mara alizorejelewa na wenzake, nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali mnaposema amegundua nini. Sikupaona. Mmetuambia fahirisi yake ya h ni kubwa, basi.

Simjui bwana huyo na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kipimo. Fahirisi hiyo ilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California: ukiwa na makala 40 na kila moja imerejelewa si chini ya mara 40, fahirisi yako ni 40. Haisemi kama waliokutaja walikubaliana nawe au walikupinga. Chukueni mlima wetu. Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitabiri katika jarida la Science kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na dunia nzima ikashika hilo. Mwaka 2004 Georg Kaser na wenzake wakajibu kwamba kilichoanza kuila barafu ni hewa kukauka tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ili wapinge ilibidi wataje, na kutaja huko kukahesabiwa. Barafu imepungua mno, lakini mawingu yakifunguka asubuhi bado naiona.

Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alionyesha jambo linalotugusa sisi wa chini kuliko barafu: ukame umezidisha moto, na moto umeteketeza misitu ya juu na kuushusha mpaka wa msitu kwa mamia ya mita. Msitu ule ndio unaonasa ukungu na kuudondosha chini kuwa maji. Mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, inategemea msitu huo; maji yatokayo kwenye barafu ni kidogo sana. Habari kama hii ndiyo mngetuandikia.

Nitasema na langu. Miaka ya tisini nilimfanyia kazi mtafiti mmoja kwa misimu miwili ya mvua. Nilibeba kamba na utepe, nikapima mamia ya miti, nikizungusha utepe kwenye shina usawa wa kifua huku vidole vimekufa ganzi. Yeye alikuwa na daftari. Majina nilikuwa nayo mimi. Aliokota jani, akaniuliza, nikamwambia kwa Kichagga, akaandika, na jioni akatafuta jina la kisayansi. Siku moja nilimwambia hapa tulipo paliungua zamani, babu alinionyesha makaa chini ya udongo. Akachimba, akayakuta. Mwaka jana mjukuu wangu aliye chuo kikuu aliiona makala ile kwenye intaneti. Ili aifungue alitakiwa kulipa dola 39, kwa miti niliyoipima kwa mikono yangu! Akaipata kwa rafiki yake, akanisomea huku akinitafsiria mpaka taa ikaisha chaji. Makaa yale yamo. Mwishoni kuna shukrani: wafadhili wametajwa, chuo kimetajwa, sisi tumeitwa wasaidizi wa kijijini. Mmoja wa wasaidizi hao alivunjika mguu korongoni akabaki akichechemea, na amefariki bila kujua kwamba kazi ile ilichapishwa. Mjukuu akaniambia makala imerejelewa mara nyingi sana. Nikamuuliza, na hapa kwetu kimefika nini? Akanyamaza.

Hata wataalamu wa mimea wenyewe wanaonewa. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda ilianza kuchapishwa 1952 ikakamilika 2012, spishi zaidi ya 12,000. Anayepanda mlima kuhesabu mimea anaitegemea, lakini akiandika, mara nyingi haiweki kwenye marejeo, basi haihesabiwi. Na kipimo cha mvua tulichoachiwa kijijini na watafiti wengine kimejaa majani makavu, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo waliondoka nao.

Naiomba Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, iweke sharti moja. Kabla kibali hakijaongezwa muda, mtafiti abandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kurasa mbili za Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani atazisoma: alipima nini, alikuta nini, na majina kamili ya waliompandisha. Mtendaji agonge muhuri, nakala moja ibaki shule ya msingi iliyo karibu. Nanyi gazetini, mkimwandika mtaalamu mwingine, anzeni na kurasa hizo.

Mjane wa yule mwenzangu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kusoma anajua.

Msomaji wenu,
Marangu, Kilimanjaro