Tairi la mbele linaliwa, lakini ugonjwa uko nyuma

Mteja wetu mmoja hubeba saruji kwa lori kutoka hapa Tororo kwenda Gulu. Siku moja aliingia gereji na matairi mawili mapya juu ya mzigo. "Boss, nifungie haya mbele, halafu unipigie alaimenti." Yaani nimnyooshee magurudumu. Yale ya zamani hayakuwa yamefikisha hata miezi mitatu. La kushoto lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. La kulia limeliwa ukingo wa nje. Na alaimenti alikuwa ameshapigiwa mara mbili, gereji mbili tofauti.

Nikamwomba asifungue kitu kwanza. Nikamuuliza usukani unakaaje akiwa kwenye barabara iliyonyooka. Akacheka: "Huo haukai katikati tangu mwaka jana, nimeuzoea."

Tukachukua tepu. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la ekseli ya nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa kawaida tukiona tofauti inayozidi milimita 3 hivi tunaanza kutafuta sababu. Pale tulikuta 14. Senta bolti ya springi, ile inayoizuia ekseli isihame, ilikuwa imekatika upande mmoja, yu-bolti zinazoifunga springi kwenye ekseli zimelegea, na ekseli imeteleza ikarudi nyuma. Alama zilikuwa wazi: chuma kinang'aa pale springi inapokalia ekseli, na kutu nyekundu ya unga pembeni.

Ekseli ya nyuma ikikaa mshazari, inalisukuma gari lote pembeni. Dereva anarudisha kwa usukani, kwa hiyo magurudumu ya mbele yanakwenda yamegeuzwa kidogo kutwa nzima, kama mtu anayetembea huku anaangalia kando. Tairi linakokotwa badala ya kubingirika. Hapo hata ukinyoosha mbele mara kumi, matairi yataendelea kuliwa. Ndiyo maana sisi hatukubali kupiga alaimenti ya mbele kabla ya kupima nyuma, hata mteja akiwa na haraka ya kuwahi foleni ya mpakani Malaba. Wengine hukasirika na kuondoka. Sawa.

Kabla hujaja, unaweza kulisoma tairi mwenyewe. Likiwa limeliwa kingo zote mbili na katikati bado lina meno, umelibebesha mzigo likiwa na upepo mdogo. Limeliwa katikati tu, upepo ulizidi. Hayo si ya alaimenti, usilipie alaimenti. Na upepo upimwe kwa geji, asubuhi tairi likiwa baridi. Turniboi, yaani utingo, kugonga tairi kwa chuma na kusikiliza kunamwonyesha pancha, lakini hakumwambii kwamba tairi la ndani kwenye pacha, yaani mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, lina upepo wa PSI 80 na mwenzake wa nje ana 110. Yakiwa hivyo, moja linabeba mzigo na jingine linaburuzwa. Vivyo hivyo ukifunga jipya pacha na lililokwisha nusu: yanatofautiana unene lakini yanalazimika kuzunguka pamoja, basi lile dogo litajikwangua kwenye lami.

Sasa tumia kiganja. Kipitishe juu ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kikienda laini kuingia ndani na kukwaruzwa kikirudi nje, magurudumu yamefumbana mno kwa mbele. Kinyume chake, yamepanuka. Hii ndiyo kazi ya tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, na kwa malori mengi kinachotakiwa ni kufumbana kwa milimita 1 au 2 tu, basi. Ukikuta mabonde na vilima kuzunguka tairi zima, angalia shokapu, beringi, na balansi ya gurudumu.

Tairi likiliwa ukingo mmoja tu na ekseli ya nyuma iko sawa, shuku beringi au kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Inua ekseli kwa jeki, weka kigingi cha kuishikilia chini yake, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na kimewaokoa watu wengi wasinunue kifaa kisicho na kosa. Tairodi tunazipima gari likiwa chini: mmoja anachezesha usukani kidogo kidogo, mwingine anatazama jointi. Jointi iliyochoka haishiki alaimenti yoyote. Utatoka hapa imenyooka, ufike Mbale imepotea.

Jambo moja linalowachanganya madereva: sisi tunaendesha kushoto, na barabara zimeinamishwa kuelekea kando ili maji ya mvua yatoke. Gari kuvuta kushoto kidogo sana si ugonjwa. Jaribu kwenye sehemu tambarare, au katikati ya uwanja mpana, ndipo uamue. Likivuta hata hapo, au likivuta ukikanyaga breki tu, hiyo ni habari nyingine, na ya breki hatuisubirishi.

Yule wa saruji tulimbadilishia senta bolti na yu-bolti zote nne za ekseli ile, tukairudisha mahali pake, tukapima tena kulia na kushoto, mwisho kabisa tukanyoosha mbele. Matairi mapya yalifungwa jioni.

Ukija, njoo na gari tupu ikiwezekana, na tafadhali usiyavue matairi yaliyoliwa wala kuyauza njiani. Yaje yakiwa mahali pake, kwa sababu tunaanza kwa kuyasoma. Kupima ni bure. Unalipia kazi ukikubali ifanyike. Tukikufungia yu-bolti mpya, rudi baada ya safari ya kwanza tuzikaze upya, maana springi ikishabeba mzigo hukaa na bolti hulegea. Hiyo nayo hatutozi.