Kabla hujanunua miche

Mama,

Picha za kiwanja chako cha Iyumbwa zimefika, na mama yako amezikuza kwenye simu mpaka tukaona nyayo za fundi. Nyumba imesimama vizuri. Ila pale nyuma ya nyumba, panapokufanya useme "baba, hili ni jangwa", nimepatazama muda mrefu kwa sababu napafahamu. Ni uwanja wetu wa Miyuji, hapahapa Dodoma, ulivyokuwa mwaka 1998: mchanga mwekundu, mabaki ya kokoto, na kichaka cha miiba kilichofyekwa kikabaki kisiki.

Umeuliza ununue miche gani, na kama upande wa jikoni uweke pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika uwanjani. Nitakujibu yote. Kwanza nikusimulie tulivyopoteza miaka sita, maana hujawahi kuelezwa. Ulikuwa mdogo, na mimi sikuwa na haraka ya kujisema.

Mvua za kwanza baada ya kuhamia, mama yako alipanda miche kumi na miwili: miembe, mipera, michungwa, na mstafeli mmoja aliouombea kwa jina. Ikachanua majani Januari yote, tukafurahi. Kufika Agosti, upepo ule unaoujua umeanza kupiga, nilikwenda kuunyoosha mwembe mmoja uliokuwa umeinama, ukatoka wote mkononi kama kijiti cha kuchokonolea meno. Mchwa walishamaliza mizizi. Mwaka wa pili tukapanda tena, wa tatu vilevile. Mimi nikatoa hukumu kwamba Dodoma haitaki miti. Nilikuwa na hoja zangu: mvua milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya vumbi. Nikaanza hata kuulizia bei ya saruji ili tusakafie uwanja mzima tupumzike.

Na wakati wote huo, kila alfajiri, tulikuwa tunafagia.

Unakumbuka. Zamu yako na kaka yako kabla ya shule, fagio la chelewa, kuanzia jikoni mpaka mpakani kwa jirani. Mistari ya fagio ilikuwa inapendeza kweli, mgeni akija anaona hapa pana mke. Takataka na kila jani lililodondoka tunakusanya pembeni, jioni napiga kiberiti. Mwaka 2002 nikaona mlango wa nyuma uko juu mno, mama yako anaruka akitoka na beseni. Nikamlaumu fundi aliyejenga, nikachanganya zege, nikaongeza ngazi ya tatu. Sikujiuliza ardhi ilikuwa imekwenda wapi.

Aliyeiona ni bibi yako. Alikuja kutoka Mvumi mwaka 2004 kutibiwa macho, akakaa nasi wiki tatu. Asubuhi ya kwanza anakunywa uji wa uwele pale mlangoni, anawatazama mnafagia, hasemi kitu. Asubuhi ya pili akanyosha fimbo yake kwenye ukuta, chini, akanionyesha mstari: juu lipu laini, chini mawe ya msingi yametokeza, upana wa kiganja kizima. Akasema, "Udongo wenu mnausukumia kwa jirani kila siku, halafu mnalalamika kwa Mungu."

Na macho yalikuwa yanamsumbua.

Basi kuanzia hapo hatukufagia tena nyuma, isipokuwa hatua tatu kuzunguka nyumba. Hizo tunafagia mpaka leo, na wewe ufagie, kwa sababu nge wa Dodoma unawajua na nyoka hapendi kuvuka mahali peupe. Kwingine kote jani likidondoka limefika kwake. Mama yako mwanzoni aliona aibu. Wenzake wa kanisani walipokuja alikuwa anawapitisha mbele.

Mvua zilipokaribia bibi yako alishaondoka, lakini alituachia maneno: msipande, chimbeni. Tukachimba. Jembe halikuingia. Chini ya mchanga kuna tabaka gumu kama tofali, na hilo ndilo lililokuwa linakaanga miche yetu, maana mizizi ilifika pale ikageuka. Nilinunua mtaimbo nikapiga mashimo tisa, urefu, upana na kina sentimita 60 kila moja. Moja kwa Jumamosi, kwa sababu mgongo wangu ni mmoja. Udongo wa juu tuliuweka upande wake, tukauchanganya na madebe mawili ya samadi iliyokaa mpaka ikapoa, tukarudisha, na tukaacha shimo lishuke chini ya usawa wa uwanja kama bakuli. Juu, nyasi kavu na majani, unene wa kiganja, yasiguse shina. Kuhusu mchwa sikupulizia kitu. Nilichoona ni kwamba wakipata majani makavu ya kula, na mche ukiwa haujalegea kwa kiu, huuacha.

Sasa maji. Bomba lilikuwa la zamu, na maji yenyewe unayajua, birika linaota ukoko mweupe ndani ya wiki mbili. Mche mchanga ukinyweshwa hayo tu, kingo za majani zinaungua. Kumbe tulikuwa tumelala chini ya maji mengine. Bati la nyumba yetu linafunika mita za mraba kama 80. Mvua ya milimita 20, ile ya saa moja ya radi, inashusha pale lita 1,600, na sisi tulikuwa tunaiangalia ikichimba mfereji kwenda barabarani. Nikaweka gata, simtanki ikapatikana baadaye sana, mwanzoni yalikuwa mapipa mawili na kila sufuria ndani ya nyumba. Maji ya kuoshea vyombo yakaelekezwa kwenye shimo la migomba, ambalo lilichimbwa refu zaidi na kujazwa maganda na majani. Migomba haichagui. Kwenye mchicha usimwage maji ya sabuni.

Kiangazi cha kwanza kila mche ulikuwa na chupa yake ya lita moja na nusu, imekatwa kitako, imefukiwa kichwa chini, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto. Wewe ndiye uliyekuwa unapita na kopo kuzijaza. Ulizipa majina yote. Kati ya miche tisa walikufa wawili.

Minyaa ya kuzuia mbuzi ilikuwa wazo langu na sijajisamehe. Ulikuwa darasa la tatu ulipovunja tawi, utomvu ukakuingia jichoni. Tulikuosha na maji ya ndoo mpaka ikaisha, na ndoo ile ndiyo ilikuwa ya kupikia siku hiyo, kisha tukakimbilia hospitali. Ulikaa na bandeji siku nne. Ukipata watoto, weka hata matawi ya miiba, usiweke minyaa.

Mipapai uliililia. Tulipanda mbegu tatu kila shimo, kwa sababu huwezi kujua dume ni ipi mpaka itoe maua. Dume maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Nilipoing'oa madume ukanuna, ukasema baba anaua miti. Kwa miti sita, dume mmoja anatosha.

Mzabibu wa kwenye kichanja ulikuja baadaye kutoka Makutupora, kijiti kisicho na jani. Miaka miwili ulitambaa tu, tukadhani ni tasa. Mkulima mmoja wa Mpunguzi alipouona alicheka, akaomba mkasi, akaufyeka mpaka mama yako akaingia ndani asione. Kumbe zabibu huja kwenye chipukizi jipya, usipokata hupati. Sasa tunavuna mara mbili, Februari au Machi, kisha Agosti au Septemba. Majani yakishika ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ndipo napulizia salfa. Usianze na mzabibu. Utakuchosha.

Nilichotaka kukuandikia hasa ni kisiki. Ule mti mkubwa wa pembeni, ambapo harusi yako ilipikiwa, hatukuupanda. Ni mgunga. Ulikuwa kichaka kama hicho chako, na kila mwaka niliukata kwa kuni, nao kila mwaka ukachipua vifimbo kumi na tano. Bibi yako alichagua viwili vilivyonyooka, vingine akaviondoa kwa panga, akafunga kitambaa chekundu ili nisiguse. Siku hizi wanawafundisha wakulima wa huku jambo hilohilo, wanaliita kisiki hai. Mizizi ilikuwa chini miaka mingi, imeshapita lile tabaka gumu ambalo mimi nililipiga kwa mtaimbo. Ulikua haraka kuliko chochote tulichokinunua. Nakuandikia chini yake.

Kwa hiyo mwambie fundi asing'oe kile kisiki. Leo, si kesho. Pevingi weka njia tu, ya mtu na toroli, kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo. Ukifunika pote maji yatakimbia na jua litakurudishia joto ukutani usiku kucha. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 nimeona nyua nyingi mpya zimefunikwa hivyo, zinang'aa, na wenyewe wanakaa ndani na feni.

Mwaka huu nunua mwarobaini mmoja tu, upande wa magharibi, mbali na msingi na shimo la choo. Mipapai nitakupa mbegu. Mwembe dodo subiri mwakani, shimo likishakunywa msimu mmoja. Pesa iliyobaki weka gata.

Juzi nilikuwa natafuta ile ngazi yangu ya tatu, nikataka kumwonyesha mdogo wako nilivyokuwa fundi. Haipo. Nilichimba kwa mkono kwenye majani, nikaipata chini, udongo umeshaifunika, mweusi, una minyoo. Mama yako anatoka na beseni bila kuruka.

Mtaimbo nitampa kaka yako akija huko Jumamosi. Nimekuwekea na magunia manne ya majani nyuma ya banda. Yachukue kimyakimya, mama yako siku hizi anayahesabu.

Baba yako