Ulikuja na balbu zako, kwa nini nakudai pesa za nyaya?

Wiki iliyopita kaka mmoja kaondoka karakana kanuna. Alikuja na gari yake ya zamani, Escudo, na balbu mbili za taa za mbele alizonunua Darajani, anataka nimtilie tu. Nikamwambia balbu hazina kosa, nyaya ndizo zilizochoka. Akaniona tapeli. "Balbu zangu mwenyewe, kisha unidai mara nne ya bei yake?" Si wa kwanza, basi leo najibu.

Umeme wa taa kubwa unatoka kwenye betri, unapita swichi ya usukani, unazunguka nyaya nyembamba, ndipo ufike mbele. Na hapa kwetu Unguja chumvi ya bahari haina pahala isipoingia. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, wa gari ya pwani nikiupasua, shaba imekuwa kijani, ukiisugua inabaki unga vidoleni. Ile Escudo niliipima kwa mita mwenyewe akiangalia: injini inawaka, betri ina volti 14, kwenye soketi ya taa zinafika 11 na nusu. Balbu ya halojeni ikipungukiwa na sehemu moja tu ya kumi ya volti zake, karibu thuluthi ya mwanga imekwenda na maji. Hapo utie balbu gani?

Ninachofanya ni kufunga rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo, moja ya fulu na moja ya dimu, kwa waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, na athi mpya. Swichi ya zamani inabaki kuiamsha rilei tu. Kila kiungo nakichoma lehemu na kukivisha mpira. Tepu nyeusi sifungi, joto la boneti huiachisha. Ni kazi ya nusu siku, na hiyo ndiyo bei.

Wengi hukimbilia balbu za wati 100 badala ya zile za 60/55, yaani wati 60 fulu na 55 dimu. Dereva mmoja wa gari ya shamba alifanya hivyo. Fyuzi ikawa inakatika, akatia pahala pake ile karatasi ya kung'ara ya pakiti ya sigara. Usiku, njia ya Jozani, harufu ya plastiki, taa zote kimya, utingo katoa mkono dirishani na tochi ya simu mpaka Kitogani. Alinilipa soketi mbili, swichi na nyaya.

Balbu ya LED ndani ya kasha la taa la halojeni? Mwanga hautokei pale kioo cha ndani, kile kinachourudisha mbele, kinapoutarajia, unatawanyika, unampofua anayekuja. Dawa ya meno nayo hung'arisha kasha la manjano siku chache tu. Mimi napiga msasa wa maji 800, 1000, 2000, kisha vanishi ya kuzuia jua. Lakini kioo cha ndani kikishababuka, nitakwambia nunua kasha, sitakula pesa yako.

Na ukinunua, angalia limetoka wapi. Jamaa alileta makasha ya Prado kutoka Dubai, mapya, mazuri. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo dimu yake inapanda upande wa kulia, na kwetu huko ndiko anakotokea mwenzako. Kutoka Bububu hadi Mkokotoni kila gari inampigia fulu, na yeye anadhani wanamsalimia!

Kurekebisha mwelekeo wa taa njoo baada ya Magharibi, ukutani ionekane vizuri. Kama gari hubeba mizigo, njoo na mizigo yake.

Yule kaka wa Escudo balbu zake kazisahau juu ya meza yangu. Zipo. Akirudi kwa rilei, pesa ya athi nitamsamehe.